Mwongozo Kamili wa Kupima Mwendo wa Gesi na Nyota Kwenye Kitovu cha Galaksi Yenye Upau: Mfano wa NGC 1365

Mwongozo huu ni kwa wanafunzi na wapenzi wa astronomia ambao tayari wanajua kufungua faili za FITS na kuandika programu fupi za Python, lakini hukwama mahali palepale kila mara. Wanapata ramani ya kasi yenye upande mwekundu na upande wa buluu, wanaondoa mzunguko wa kawaida, kisha wanaona madoa ya rangi yaliyobaki na kuandika kwamba gesi inaingia kwenye kitovu, au inatoka, kabla ya kujua ni upande upi wa galaksi ulio karibu nasi. Bila jambo hilo moja, rangi hazisemi lolote kuhusu kuingia wala kutoka.

Nimechagua NGC 1365, galaksi ya kundinyota la Tanuri iliyo umbali wa takribani miaka ya nuru milioni 60, kwa sababu ina kila kinachowapotosha watu kwa pamoja: upau mrefu (ukanda ulionyooka wa nyota unaopita kitovuni) unaolala mashariki hadi magharibi, mikanda ya vumbi inayoonekana wazi, pete ya nyota changa kuzunguka kitovu, na shimo jeusi linalokula gesi na kuisukuma nyingine nje kwa umbo la koni. Atakayeimudu galaksi hii ataziona nyingi nyingine kuwa rahisi. Kwa umbali huo, sekunde moja ya tao (sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja angani) ni sawa na takribani miaka ya nuru 290.

Katika maelezo yote, nyekundu ni kwenda mbali nasi na buluu ni kuja kwetu.

## Vinavyohitajika kabla ya kuanza

Mchemraba wa data wa MUSE. MUSE ni kifaa kilichofungwa kwenye mojawapo ya darubini nne kubwa za VLT, zinazoendeshwa na ESO, shirika la Ulaya la astronomia, huko Paranal, Chile. Kila picha yake hufunika eneo la dakika moja ya tao kwa moja, kwa pikseli za sekunde 0.2, na kila pikseli ina spektra yake, yaani nuru iliyotandazwa kwa urefu wa wimbi, kuanzia takribani angstromu 4,750 hadi 9,350 (angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Data ya NGC 1365 inapatikana bure katika hifadhi ya ESO, na galaksi hii pia ni miongoni mwa 19 za mradi wa PHANGS-MUSE, ambao umetoa ramani zilizokamilika. Pakua ramani hizo pia, lakini usizifungue mpaka umalize hatua ya tano. Kazi yake ni kusahihisha kazi yako.

Ramani ya monoksidi ya kaboni kutoka ALMA, mkusanyiko wa darubini za redio nchini Chile. Mstari wake wa gigahezi 230.538 huonyesha gesi baridi ya molekuli, ambayo hulala kwenye diski nyembamba. Bila ramani hii hatua ya nane haiwezekani.

Picha ya darubini ya Hubble au James Webb, kwa ajili ya kuiona mikanda ya vumbi.

Programu: Python pamoja na Astropy, pPXF ya kulinganisha spektra na violezo vya nyota, vorbin ya kukusanya pikseli, DS9 au QFitsView ya kutazama, na 3DBarolo ya kutengeneza modeli za mzunguko. Zote ni za bure.

Violezo vya nyota vya MILES au E-MILES, yaani maktaba za spektra za kulinganishia.

Kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 16. Mchemraba mmoja wa kawaida wa MUSE una pikseli takribani 300 kwa 300 na hatua zaidi ya 3,600 za urefu wa wimbi. Nuru peke yake huchukua karibu gigabaiti 1.3, na makadirio ya kelele huchukua kiasi hicho hicho. Mchemraba ulioungwa kutokana na picha kadhaa ni mkubwa zaidi. Ikiwa intaneti yako hukatika, tumia programu ya kupakua inayoweza kuendelea pale ilipoishia.

## Hatua ya 1: Kata eneo la kitovu na ulikague kwa macho

Kata eneo la takribani sekunde 30 kwa 30 za tao kuzunguka kitovu, na ubaki na angstromu 4,750 hadi 7,000 kwa kuanzia. Kitovu ndicho tunachokitafuta, na faili ndogo itakuruhusu kurudia kila hatua mara nyingi bila kuchoka wala kuichosha kompyuta.

Fungua spektra ya pikseli chache kwa mkono: moja kwenye kitovu chenyewe, moja kwenye pete ya nyota changa, moja ndani ya mkanda wa vumbi, na moja kusini mashariki ya kitovu. Kwa kuwa galaksi nzima inakwenda mbali nasi kwa takribani kilomita 1,630 kwa sekunde, mstari wa hidrojeni uitwao H-alfa, ambao maabara huuweka kwenye 6,562.8, utauona karibu na 6,598. H-beta, mstari mwingine wa hidrojeni, itakuwa karibu na 4,888, na mstari mkali wa oksijeni wa 5,007 utakuwa karibu na 5,034.

Umefaulu ukiweza kuonyesha kwa kidole mistari hiyo mitatu katika pikseli zote nne, na ukiona kwamba H-alfa ya kitovu ina kitako kipana sana kuliko kwingineko. Kitako hicho ni gesi iliyo jirani kabisa na shimo jeusi, na kasi yake haihusiani na upau. Ziwekee alama pikseli zilizo ndani ya takribani sekunde moja na nusu ya tao kutoka kitovuni, kwa sababu zitahitaji kushughulikiwa peke yake katika hatua ya tano.

## Hatua ya 2: Linganisha vipimo vya kasi kabla ya kupima kasi yoyote

Wengi huiruka hatua hii, kisha hushangaa kuona nyota na gesi zikipishana kwa kiasi kilekile katika galaksi nzima. Kuna mambo manne ya kukagua.

La kwanza ni hewa na ombwe. Urefu wa wimbi katika hewa ni mfupi kidogo kuliko katika ombwe, na karibu na H-alfa tofauti ni angstromu 1.8, yaani zaidi ya kilomita 80 kwa sekunde. Tazama kichwa cha faili: neno AWAV linamaanisha hewa, WAVE linamaanisha ombwe. Michemraba ya MUSE kwa kawaida iko katika hewa, kama vilivyo violezo vya MILES, lakini baadhi ya violezo vinavyosambazwa pamoja na programu viko katika ombwe. Hakikisha data na violezo viko upande mmoja.

La pili ni mwendo wa dunia kulizunguka jua, ambao ni wa takribani kilomita 30 kwa sekunde. Kwa kawaida programu ya ESO huwa imekwisha kuuondoa. Usiuondoe mara mbili.

La tatu ni kanuni ya kasi. Wanaopima nuru hugawanya mabadiliko ya urefu wa wimbi kwa urefu wa asili, ilhali wanaopima redio mara nyingi hugawanya mabadiliko ya masafa kwa masafa ya asili. Kwa kasi ya kilomita 1,630, kanuni hizo mbili hutofautiana kwa karibu kilomita 9 kwa sekunde, na hizo zinatosha kuzaa mtiririko wa uongo unapotoa ramani ya ALMA kwenye ramani ya MUSE. Kagua pia kama kasi za ALMA zimepimwa kutoka jua au kutoka wastani wa nyota za jirani.

La nne ni pPXF yenyewe, ambayo hutumia mizani ya logarithimu, hivyo kasi inayoitoa si sawa kabisa na kasi ya kanuni ya kawaida. Njia salama ni kugawanya kwanza urefu wote wa wimbi kwa moja jumlisha uwiano wa mabadiliko ya urefu wa wimbi unaotokana na mwendo wa galaksi nzima, ili uanze na spektra iliyo karibu na sifuri. Tofauti iliyobaki inakuwa ndogo kiasi cha kutojaliwa.

## Hatua ya 3: Kusanya pikseli dhaifu

Mstari wa ufyonzaji wa nyota ni mgumu kuupima kuliko mstari wa mng'ao wa gesi. Tumia vorbin kuunganisha pikseli jirani mpaka kila kundi lifikie uwiano wa ishara kwa kelele wa takribani 40 kwa nyota. Kwa kasi na mtawanyiko tu (yaani kiasi ambacho kasi za nyota za kundi hutofautiana), 20 hadi 30 zinaweza kutosha, lakini umbo la mgawanyo wa kasi, yaani h3 (mgawanyo ulivyoegemea upande mmoja) na h4 (kilele chake kilivyochongoka), halipimiki vizuri chini ya 40.

Kwa gesi tengeneza makundi mengine, madogo zaidi, yanayotegemea nguvu ya mistari ya gesi yenyewe. Usitumie makundi ya nyota kwa gesi, kwa sababu mabadiliko makali ya kasi kwenye mkanda wa vumbi hutokea ndani ya umbali mfupi, na kundi kubwa litayafuta kabisa.

## Hatua ya 4: Pima nyota

Nyota na gesi zinaishi katika graviti moja lakini hazitendi sawa. Nyota hupishana bila kugongana, kwa hiyo zinaweza kufuata obiti ndefu za upau kwa muda mrefu sana. Gesi haiwezi: mawingu yakikutana hugongana, hupoteza nishati, na kuteremka. Tunazipima nyota kwanza kwa sababu zinatuonyesha graviti ikoje kabla hatujauliza gesi inafanya nini ndani yake.

Kwanza vioanishe violezo na kifaa. MILES ina upana wa mstari wa angstromu 2.5, ilhali MUSE ina takribani 3.0 karibu na H-beta na 2.5 karibu na H-alfa. Panua violezo kwa tofauti hiyo, ukikumbuka kwamba inabadilika kadiri urefu wa wimbi unavyobadilika. Kisha funika mistari yote ya gesi, pamoja na mabaki ya mistari ya angahewa kama ule wa 5,577, na uiambie pPXF ipime kasi, mtawanyiko, h3 na h4. Ongeza polinomia ya kujumlisha, ya daraja la wastani, ili makosa madogo ya upimaji wa nuru yasigeuzwe kuwa kasi.

Kwa kila kundi, rudia upimaji ukiongeza kelele ya kubuni inayolingana na kelele halisi. Mtawanyiko wa majibu utakayopata ndio kosa lako. Ramani isiyo na ramani ya makosa haifai kutolewa kwa mtu mwingine.

Unapofaulu utaona mzunguko laini, upande wa kusini magharibi ukienda mbali nasi na kaskazini mashariki ukija, wakilinganishwa na galaksi nzima. Tazama pia ishara ya h3. Mahali ambapo h3 ina ishara iliyo kinyume na ile ya kasi, kuna dalili ya diski ndogo inayozunguka haraka, ya aina ambayo mara nyingi hujengwa na gesi iliyoletwa na upau. Mahali ambapo zina ishara moja, huenda unatazama nyota zilizo kwenye obiti ndefu za upau. Dalili hii ya pili huonekana vizuri zaidi katika galaksi zilizoinama sana, kwa hiyo usikate tamaa ikiwa ni hafifu hapa.

Onyo. Ukiona mtawanyiko wa nyota ukiongezeka ghafla katika pikseli chache za kati, usitangaze shimo jeusi. Angahewa husambaza nuru ya kila nukta hadi karibu sekunde moja ya tao, hivyo upande unaokuja na upande unaokwenda huchanganyika na kuonekana kama mtawanyiko.

## Hatua ya 5: Pima gesi, mstari kwa mstari

Ondoa modeli ya nyota kutoka kila spektra kabla ya kugusa gesi. Nyota hufyonza nuru palepale H-beta inapong'aa, na usipoiondoa alama hiyo utapata H-beta dhaifu na kasi iliyoyumba.

Kisha funga mistari pamoja kwa makundi. H-alfa na mistari miwili ya nitrojeni, 6,548 na 6,583, ipewe kasi moja na upana mmoja, na ule wa 6,583 uwe na nguvu mara tatu ya mwenzake kwa sababu fizikia ya atomu inalazimisha hivyo. Oksijeni ya 4,959 na 5,007 nayo ifungwe kwa uwiano wa karibu moja kwa tatu, lakini iachwe huru na H-alfa. Wanafunzi wengi hulazimisha mistari yote iwe na kasi moja ili kurahisisha kazi. Katika NGC 1365 uamuzi huo huharibu kila kitu, kwa sababu H-alfa kwa sehemu kubwa hutoka kwenye diski na pete ya nyota changa, ilhali oksijeni ya 5,007 hutawaliwa na koni ya gesi inayosukumwa na kitovu. Ni gesi mbili tofauti zilizo mahali pawili tofauti, nazo zinaonekana kwenye pikseli moja.

Anza na mkunjo mmoja wa Gauss, wenye umbo la kengele, kwa kila mstari. Ongeza wa pili pale tu ambapo takwimu zinaudai: tumia kigezo kinachotoza adhabu kwa kila namba mpya unayoiongeza, na ukatae mkunjo wa pili ambao nguvu yake haifiki walau mara tatu ya kosa lake. Mikunjo miwili ikikubalika, usiipange kwa kusema wa kwanza ni diski na wa pili ni koni kwa kufuata mpangilio wa programu, maana programu huibadilisha nafasi ovyo kutoka pikseli hadi pikseli. Ipange kwa upana: mwembamba huenda ukawa diski, mpana huenda ukawa koni, kisha thibitisha kwamba kila kundi linaunda ramani inayoendelea bila kurukaruka. Kwa pikseli za kitovu ulizoziwekea alama, ongeza H-alfa pana sana isiyofungwa na chochote.

Upana unaoupima una sehemu ya kifaa ndani yake. Karibu na H-alfa, mtawanyiko wa MUSE wenyewe ni takribani kilomita 50 kwa sekunde, na karibu na H-beta hupita 70. Ondoa kwa miraba, yaani mraba wa upana uliopimwa ukitoa mraba wa kifaa. Ukibaki na namba ndogo sana, iandike kuwa kikomo cha juu tu, kwa sababu kosa dogo la kifaa litaigeuza kabisa.

Sasa fungua ramani za PHANGS-MUSE na uzilinganishe na zako. Ramani ya H-alfa inapaswa kuonyesha mzunguko ulio wazi, lakini mstari wa kasi sifuri hautakuwa umenyooka. Utajipinda kama herufi S unapovuka eneo la upau. Mpindo huo si kosa. Ndiyo alama ya kwanza kwamba gesi haizunguki kwa duara.

## Hatua ya 6: Amua upande ulio karibu nasi

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo fanya polepole.

Fikiria sahani iliyowekwa mezani nawe umesimama ukiitazama kwa mshazari. Ukingo wa chini uko karibu nawe, wa juu uko mbali. Galaksi iliyoinama iko hivyo, ila picha yake haituambii ukingo upi ni upi. Kasi nayo haituambii: kusini magharibi kwenda mbali nasi kunawezekana katika mielekeo yote miwili ya mwinamo. Tunahitaji ushahidi wa ziada.

Ushahidi wa mikono. Karibu galaksi zote za ond huburuta mikono yake nyuma ya mzunguko. Katika picha yenye kaskazini juu na mashariki kushoto, mkono unaoanzia ncha ya magharibi ya upau wa NGC 1365 hupanda kaskazini, na wa ncha ya mashariki hushuka kusini. Kwa kuwa mikono huburutwa, galaksi inazunguka kama mishale ya saa. Sasa unganisha na kasi: kitu kilicho kaskazini magharibi kinasogea kuelekea kusini magharibi, na kusini magharibi ndiko vitu vinakoonekana kwenda mbali nasi, yaani vinatoka upande wa karibu kwenda wa mbali. Kwa hiyo kaskazini magharibi ndio upande ulio karibu, na kusini mashariki ndio ulio mbali.

Ushahidi wa vumbi. Upande wa karibu huweka vumbi lake mbele ya nuru ya nyota za kitovu, hivyo huonekana kuwa na giza zaidi. Kagua kama picha inakubaliana na hesabu ya mikono.

Ushahidi wa mikanda. Katika upau, mikanda ya vumbi hukaa upande unaotangulia katika mzunguko. Kwa mzunguko wa mishale ya saa, nusu ya mashariki ya upau inapaswa kuwa na mkanda wake upande wa kaskazini, na nusu ya magharibi upande wa kusini. Ukiikuta mikanda iko nyuma, umekosea mwelekeo wa mzunguko. Rudi mwanzo wa hatua hii.

Usiendelee mpaka ushahidi wa aina zote tatu ukubaliane.

## Hatua ya 7: Tengeneza modeli ya mzunguko wa duara

Kasi inayoonekana mahali popote kwenye diski ni hii:

V = Vg + sin i × (Vm cos θ + Vr sin θ)

Vg ni kasi ya galaksi nzima, i ni mwinamo, Vm ni kasi ya kuzunguka, na Vr ni kasi ya kutoka kitovuni, ikiwa hasi pale gesi inapoingia. Pembe θ hupimwa kwenye diski yenyewe, kuanzia nusu ya mhimili mrefu inayokwenda mbali nasi, ikigeukia upande wa mbali. Mhimili mrefu ni kipenyo kirefu zaidi cha diski kama inavyoonekana angani, na mhimili mfupi ni kile kinachoukata kwa pembe mraba.

Pata mwinamo na pembe ya mkao (mwelekeo wa mhimili mrefu, ukipimwa kutoka kaskazini kupitia mashariki) kutoka diski ya nje, nje kabisa ya upau. Usiziache huru ndani ya eneo la upau, maana programu itaugeuza mwendo wa upau kuwa mwinamo wa uongo, na mabaki, yaani kasi inayosalia baada ya kuitoa modeli, yataonekana madogo na mazuri bila kuwa na maana. Thamani zilizochapishwa za NGC 1365 zenyewe hazikubaliani: mwinamo hutajwa kuanzia takribani nyuzi 40 hadi 55, na pembe ya mkao kati ya nyuzi 200 na 220 hivi. Weka zote akilini, tutazihitaji mwishoni.

Jua pia kwamba si kila galaksi yenye upau inafaa kwa kazi hii. Upau ukilala sambamba na mhimili mrefu, gesi unayoipima kwenye mhimili huo iko kwenye ncha za obiti zake, ambako huenda polepole, na utaupunja mzunguko. Ukilala sambamba na mhimili mfupi, mambo hugeuka na utauzidisha. Katika hali zote mbili mwendo wa upau hujificha ndani ya mzunguko wa duara. NGC 1365 ina upau ulio katikati ya hali hizo, na hiyo ni sababu nyingine ya kuichagua.

Usitumie ramani ya nyota moja kwa moja kama modeli ya gesi. Nyota zina mtawanyiko mkubwa, hivyo huzunguka polepole kuliko gesi hata pale ambapo hakuna mtiririko wowote. Ukitoa moja kwa nyingine utapata mabaki ya rangi mbili yanayofuata mhimili mrefu, na watu wengi wameyaita mtiririko.

## Hatua ya 8: Soma mabaki

Toa modeli kwenye ramani tatu kwa wakati mmoja: H-alfa, oksijeni ya 5,007, na monoksidi ya kaboni. Ziweke kando kwa kando kwa kipimo kimoja cha rangi.

Anza na mhimili mfupi, kwa sababu huko cos θ ni sifuri na mzunguko hautoi mchango wowote. Gesi ya diski iliyo upande wa karibu ikielekea kitovuni inatukimbia, hivyo huwa nyekundu. Iliyo upande wa mbali ikielekea kitovuni inatujia, hivyo huwa ya buluu. Kwa NGC 1365, kuingia ni nyekundu kaskazini magharibi na buluu kusini mashariki.

Lakini koni ya gesi inayotoka kitovuni nayo inaonekana kusini mashariki, ikiwa mbele ya diski, na gesi yake kwa sehemu kubwa inatujia. Nayo ni ya buluu. Kwa hiyo, kusini mashariki ya kitovu, buluu ileile inaweza kuwa gesi ya diski inayoingia au gesi ya koni inayotoka, na hakuna namna ya kuamua kwa ramani moja. Amua kwa kulinganisha ramani tatu. Buluu iliyo kali kwenye oksijeni, yenye mstari mpana, isiyoonekana kwenye monoksidi ya kaboni, ni ya koni. Buluu inayoonekana kwenye monoksidi ya kaboni, ikiwa nyembamba na ikifuata mkanda wa vumbi, ni ya diski. Ongeza uwiano wa oksijeni 5,007 kwa H-beta: ukiwa juu sana, gesi inaangazwa na kitovu hai, yaani chenye shimo jeusi linalokula gesi, badala ya nyota changa.

Kisha nenda kwenye mikanda ya vumbi. Usitafute rangi huko, tafuta mruko. Pima kasi kwenye mstari unaoukata mkanda kwa pembe mraba. Gesi inapoingia kwenye mkanda hukutana na wimbi la mshtuko na kubadili kasi ghafla ndani ya umbali mfupi, na mruko wa makumi ya kilomita kwa sekunde mahali palipo na vumbi ni ushahidi wenye nguvu kuliko doa lolote la rangi, kwa sababu hautegemei sana modeli uliyoitoa.

Rangi ya mabaki kwenye mikanda ni ngumu zaidi. Mkanda wa mashariki uko upande wa mbali, kwa hiyo sehemu ya kuingia ingeufanya uwe wa buluu. Lakini mshtuko pia hupunguza kasi ya kuzunguka, na upande huo unaotujia ukipungua kasi hubaki na rangi nyekundu. Sehemu hizo mbili zinashindana katika pikseli moja. Mkanda wa magharibi una shindano hilohilo kwa rangi zilizogeuzwa. Kwa hiyo usikadirie kasi ya kuingia kwa kugawanya mabaki ya mkanda kwa sin i, hata kama umeona wengine wakifanya hivyo. Linganisha Vm na Vr pamoja, kwa kutumia sehemu zote za mkanda zenye θ tofauti, au tumia modeli yenye mwendo wa upau ndani yake.

## Hatua ya 9: Jaribu kuyavunja majibu yako

Rudia hatua ya saba na ya nane mara nne: kwa mwinamo wa nyuzi 40 na 55, na kwa pembe ya mkao ya nyuzi 200 na 220. Pembe ya mkao ikikosewa, mabaki mekundu na ya buluu hutokea pande mbili za mhimili mfupi, yakifanana kabisa na mtiririko wa kuingia au wa kutoka. Kasi ya galaksi nzima ikikosewa, ramani yote hupata rangi moja. Mwinamo ukikosewa, mabaki hubadili ishara mara kadhaa ukikizunguka kitovu, yakiwa na ishara tofauti kwenye ncha mbili za mhimili mrefu. Zijue sura hizi tatu, kwa sababu ndizo zinazojitokeza mara nyingi kuliko gesi inayoingia kweli.

Weka kwenye taarifa yako mabaki yaliyobaki na ishara ileile katika majaribio yote manne na yaliyozidi makosa yake kwa mara tatu. Mengine yaonyeshe kwenye ramani, lakini usiyape jina. Pembeni mwa kila ramani andika mwinamo na pembe ya mkao ulizotumia, kanuni ya kasi, na upande uliouchukua kuwa wa karibu, ili msomaji atakayekuwa na ushahidi tofauti aweze kugeuza ishara zako mwenyewe bila kuanza upya.